Mdogo wangu amekubaliwa chuo kidogo cha milimani California: tumpeleke?

Swali: Habari ya kazi, mshauri. Naandika kutoka Voi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19 na KCSE alipata B+. Tangu utotoni ni mtu wa wanyama. Punda wa babu akichechemea, anayeitwa ni yeye. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Sasa amekubaliwa na Feather River College katika mji wa Quincy, California, na fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, imeshafika. Tulipofungua ramani tuliona misitu na milima mitupu. Jirani yetu aliyewahi kukaa Marekani anasema hicho ni chuo cha jamii, si chuo kikuu, na kwamba tunakwenda kuzika pesa. Nitakayelipa ni mimi, nafanya kazi hotelini, na mjomba ameahidi kusaidia mwaka wa kwanza. Je, chuo ni halali? Ni kweli baada ya miaka miwili anaweza kuhamia chuo kikuu cha UC Davis? Na mama anauliza kama huko kuna dubu.

Jibu:

Dada yangu, nianze na jirani, kwa sababu amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli hutisha watu kuliko uongo mzima. Ni kweli chuo cha jamii si chuo kikuu. Ni chuo cha umma, cha miaka miwili, kilichosogezwa karibu na watu ili yeyote aliyemaliza sekondari aingie bila kuchujwa kwa alama. Cha kwanza cha umma ambacho kingali hai, Joliet cha jimbo la Illinois, kilifunguliwa 1901. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia tume ya Rais Truman ilipendekeza, mwaka 1947, vyuo vya aina hiyo vienezwe nchi nzima. California ndiyo iliyolichukua jambo hilo kwa uzito zaidi. Mpango wake wa elimu wa 1960 uligawa kazi ngazi tatu: University of California, ambayo kila mtu huiita UC, ndiyo ya utafiti, California State University, yaani CSU, ni ya shahada za kawaida, na vyuo vya jamii ni vya kila mtu, vikiwa na njia rasmi ya kupanda kwenda huko juu. Leo jimbo hilo pekee lina vyuo vya jamii 116. Kwa hiyo kuanza chini na kuhamia juu si ujanja uliobuniwa na mabroka wa mjini. Wenyewe Wamarekani husoma hivyo, tena kwa maelfu.

Lakini hapo hapo kuna jambo ambalo sidhani mmelipima. Kwa kuwa mlango wa vyuo hivi uko wazi, barua ya kukubaliwa si ushindi. Haimaanishi mdogo wako amewashinda watu fulani, wala haimaanishi chuo kimemchambua kikaona anafaa kwa udaktari wa mifugo. Inamaanisha amejaza fomu sawasawa na ameonyesha pesa. Nasema hivi si kumvunja moyo kijana, ila nimeona familia zikiuza ng'ombe kwa furaha ya barua, kisha kazi ya kufikiri ikaachwa ifanywe na mtoto peke yake akiwa ugenini.

Feather River chenyewe ni halali, bila shaka. Kilianza 1968, ni cha umma, na ithibati yake inatolewa na ACCJC, tume ile ile inayokagua vyuo vya jamii vya California nzima. Kuweza kukupa I-20 maana yake serikali ya Marekani imekiruhusu kupokea wanafunzi wa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi mgeni. Ni kati ya vyuo vidogo kabisa katika mfumo huo, na kinajulikana kwa mambo ambayo vyuo vya mjini havina: mazizi ya farasi, timu ya rodeo (mashindano ya kupanda farasi na kukamata ng'ombe kwa kamba), kituo cha kuzalisha samaki ndani ya eneo la chuo, masomo ya kuongoza watu milimani na mitoni. Tena ni kimoja cha vyuo 15 vya jamii vya California vilivyoruhusiwa kwanza, kwa majaribio, kutoa shahada kamili ya miaka minne, na waliyoichagua wao ni ya farasi na usimamizi wa ranchi. Kijana anayempenda punda wa babu hatakuwa mgeni wa mambo hapo. Mwalimu wake atamjua kwa jina ndani ya wiki mbili, jambo ambalo UC Davis mwaka wa kwanza, katika ukumbi wa kemia wenye mamia ya watu, halitokei.

Na mahali ni pazuri kweli, sitakuficha. Quincy iko kwenye bonde la kijani katika milima ya Sierra Nevada, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, misonobari pande zote. Ni makao makuu ya kaunti ya Plumas, jina lililotokana na Kihispania cha manyoya, kwa vile Wahispania waliuita mto wa huko, ndio huo Feather River, Mto wa Manyoya. Kaunti nzima ilihesabiwa watu wasiofika 20,000 mwaka 2020. Taita-Taveta yenu ina zaidi ya 340,000 na bado mnalalamika kwamba ni pori! Mji mkubwa wa karibu ni Reno, kilomita kama 130, ng'ambo ya mpaka wa Nevada. Garimoshi la abiria lililokuwa likipita kwenye korongo la mto lilikoma 1970. Siku hizi yanapita ya mizigo tu.

Sasa nije kwenye lile ambalo ningependa ulisome mara mbili. Watu wakisikia chuo kidogo cha mbali huogopa upweke, theluji, wanyama. Hayo yote mtu huyazoea. Kinachowarudisha watoto nyumbani mikono mitupu ni ratiba ya masomo.

Fikiria hivi. Ili ahamie UC Davis kusoma sayansi ya wanyama, kijana anahitaji yuniti 60 za muhula zinazotambuliwa (yuniti ni kipimo cha uzito wa somo), na ndani yake masomo ya sayansi yanayofuatana kama ngazi: kemia ya jumla mihula miwili, baada yake kemia kaboni, biolojia ya mwaka mzima, hisabati, pengine na fizikia. Huwezi kuingia la pili hujamaliza la kwanza. Katika chuo cha mjini chenye wanafunzi 20,000, kila somo la namna hiyo linafundishwa kila muhula, asubuhi na jioni. Katika chuo kidogo linaweza kufundishwa mara moja kwa mwaka, au mwaka mmoja lipo na mwaka mwingine halipo. Wakijiandikisha wanafunzi wachache mno, linafutwa wiki ya kwanza. Si uzembe wa chuo. Mwalimu wa kemia ni mmoja, na hawezi kulipwa kufundisha watu wanne.

Nilimshauri binti mmoja, miaka kadhaa iliyopita, aliyekwenda chuo cha milimani katika jimbo jingine kabisa. Mandhari yale ungedhani ni picha ya kalenda. Alikosa kemia ya muhula wa kwanza kwa sababu viza ilichelewa, akafika darasa limejaa. Somo hilo lilirudi baada ya mwaka. Basi kila kilichofuata kikasogea mwaka, na miaka miwili ikawa mitatu na nusu, na karo ni ile ile ya kila muhula. Na mimi nina sehemu yangu ya lawama, maana nilimuuliza kuhusu hosteli, nikamuuliza kuhusu bima, sikumuuliza kuhusu ratiba. Tangu siku hiyo ndilo swali langu la kwanza.

Kwa mwanafunzi wa F-1 kuna mtego wa ziada ambao hata washauri wa vyuo vidogo huusahau, kwa sababu wanafunzi wao wengi ni wenyeji. Sheria inamtaka achukue angalau yuniti 12 kila muhula, na katika hizo, somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi yuniti 3, ndilo linalohesabiwa. Vyuo vya mbali hupenda kuziba mapengo ya ratiba kwa masomo ya mtandaoni, na mwenyeji atachukua manne akiwa amelala kitandani kwake bila shida. Mdogo wako akifanya hivyo anaharibu hadhi ya viza yake. Kwa hiyo usiulize tu kama somo lipo. Uliza kama lipo darasani.

Afanye hivi wiki hii, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Afungue ASSIST, tovuti rasmi ya California inayoonyesha somo gani la chuo gani cha jamii linakubaliwa na chuo kikuu gani. Achague Feather River upande mmoja, UC Davis upande wa pili, kisha kozi anayoitaka. Itatoka orodha. Pale palipoandikwa kwamba hakuna somo linalolingana, hapo ndipo penye shimo, na ajue mapema. Kisha amwandikie mshauri wa uhamisho wa chuo, ampe orodha hiyo, amuulize: katika mihula minne ijayo, kuanzia Agosti nitakapofika, kila somo kati ya haya litafundishwa darasani muhula upi? Jibu likija na majina ya masomo na mihula, hicho ni chuo kinachojua kazi yake. Jibu likija na picha za mlima na maneno matamu, mmejibiwa pia.

Kuhusu Davis yenyewe: ndiyo, inawezekana, na kuna hata mkataba wa uhakika wa kupokelewa, maarufu kwa jina la TAG, ambao kampasi sita za UC huutoa kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii vya California. Davis imo. Masharti hutofautiana kwa kozi na hubadilika, kwa hiyo ayasome ya mwaka wake. Ila kalenda yake ni kali kuliko watu wanavyodhani. Maombi ya mkataba hupokelewa Septemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuhamia, na wakati huo awe ameshamaliza yuniti 30 zinazotambuliwa. Maana yake akifika Agosti hii, Septemba ya mwakani anatakiwa awe na mwaka mzima wa alama safi mfukoni. Kima cha chini cha UC kwa anayehamia ni wastani wa alama wa 2.4, kwa kipimo cha 4, kwa mkazi wa jimbo na 2.8 kwa mtu wa nje, na mkataba hutaka zaidi ya hapo. Mwaka wa kwanza basi si wa kuzoea mazingira. Ndio wenyewe unaohesabiwa.

Hapa nataka uvute kiti, kwa sababu tunaingia kwenye pesa, na wewe ndiwe mlipaji.

Mkazi wa California hulipa chuo cha jamii dola 46 kwa yuniti. Kwa yuniti 60 ni dola 2,760 tu. Hizo ndizo namba ambazo watu huonyeshana kwenye simu wakisema Marekani ni rahisi. Mdogo wako hatalipa hizo. Mgeni huongezewa karo ya asiye mkazi kwa kila yuniti, nyongeza inayoipita ile 46 mara kadhaa, na kukaa miaka miwili kwa viza ya F-1 hakumgeuzi kuwa mkazi. Hata hivyo bado ni nafuu ukilinganisha na chuo kikuu, na nadhani hesabu ya mwaka wa kwanza mmeshaiona kwenye I-20.

Tatizo ni kwamba I-20 ile inahesabu mwaka mmoja. Konsuli naye huangalia kwa makini pesa za mwaka wa kwanza. Mjomba ameahidi mwaka wa kwanza. Ninyi nyote, pamoja na serikali ya Marekani, mnatazama mwaka wa kwanza, na hakuna anayeutazama wa tatu. Akishahamia UC, karo ya mtu wa nje ya jimbo inapita dola 50,000 kwa mwaka, kabla hajalala wala hajala. Msaada wa serikali ya Marekani hapati, huo ni wa raia na watu wa makundi machache. Ufadhili wa vyuo vikuu vya umma kwa mwanafunzi mgeni anayehamia ni haba mno. Nimewajua vijana waliofanya kila kitu sawa, wakapata barua ya Davis au ya chuo kingine kikubwa, kisha barua ikakaa mezani kwa sababu hakukuwa na wa kuilipia. Ni uchungu kuliko kukataliwa.

Njia za kupunguza mzigo zipo. CSU ni nafuu kuliko UC, na Chico State, isiyo mbali sana na Quincy, ina kitivo cha kilimo chenye shamba lake na inafundisha sayansi ya wanyama. Reno nako kuna chuo kikuu cha umma chenye masomo ya mifugo. Au anaweza kubaki hapo hapo Feather River akamaliza ile shahada ya farasi na ranchi, bila kuhama. Lakini angalia: ile inamfanya meneja wa ranchi au mtaalamu wa farasi, haimpi ngazi yote ya kemia na biolojia ambayo skuli ya udaktari wa mifugo huidai.

Hapo ndipo nataka niseme jambo ambalo pengine halikuulizwa. Marekani udaktari wa mifugo hauanzi baada ya sekondari. Unaanza baada ya shahada ya kwanza, na ni miaka minne mingine, nafasi kwa wageni zikiwa chache na karo ikiwa ya kutisha. Jumlisha: miwili Quincy, miwili chuo kikuu, minne ya udaktari. Minane, kama hakuna somo lililofutwa. Kule Upper Kabete, University of Nairobi, udaktari wa mifugo ni miaka 5 moja kwa moja kutoka kidato cha nne, na akimaliza anasajiliwa na Kenya Veterinary Board bila kuanza kueleza shahada yake imetoka wapi. Egerton nao wanafundisha. B+ yenye biolojia na kemia nzuri si alama ya kutupa. Kama lengo lake ni kutibu ng'ombe na punda wa Taita, siwezi kukwambia kwa dhamiri safi kwamba njia fupi inapitia California.

Ila huenda lengo lake si hilo hasa. Vijana wengi husema daktari wa mifugo kwa sababu ndiyo kazi ya wanyama pekee waliyowahi kuiona. Ukimketisha chini ukamuuliza, pengine atakwambia anapenda farasi, au kusimamia malisho, au wanyamapori na watalii, na mtu wa Voi ana haki ya kuvutwa na huko. Kama ni hivyo, Quincy ghafla inakuwa mahali pa maana, si kituo cha kupitia. Kufuga kibiashara, kuongoza watalii nyikani, kutunza misitu na moto wake, hayo wanayafundisha kwa vitendo, na miaka miwili inatosha kumpa shahada ya miaka miwili pamoja na ruhusa ya kuomba mwaka mmoja wa kufanya kazi kwenye fani yake huko huko. Zungumza naye. Mzungumze bila mjomba.

Kwa hiyo ukinibana niseme ndiyo au hapana: kwa udaktari wa mifugo, kwa pesa hizi, hapana, aombe Kabete. Kwa farasi, ranchi au nyika, ndiyo, kwa masharti kwamba ratiba imejibiwa kwa maandishi na miaka yote miwili, si mmoja, ina mlipaji anayejulikana. Mshahara wa hotelini nauheshimu, lakini msimu wa watalii ukiwa mbaya yeye atakuwa amekwama kilomita maelfu na muhula unaanza.

Asitegemee kujilipia kwa kazi. F-1 inamruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati masomo yanaendelea, na zaidi wakati wa likizo. Chuo kidogo kina kazi chache: mazizi, maktaba, jikoni, na kila mtu anazitaka. Kuuza dukani mjini au kukata kuni kwa jirani kwa pesa mkononi ni kosa la uhamiaji, na katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu halifichiki.

Mkiamua kuendelea, basi usaili wa viza Nairobi. Ataulizwa, nakuhakikishia, kwa nini Quincy. Afisa ana dakika chache na ameshawaona wengi waliotumia chuo kidogo kama daraja la kutorokea. Kijana akijibu kwamba ni chuo kizuri chenye mazingira mazuri, amekwisha. Akijibu kwamba amelelewa na punda na mbuzi, kwamba anataka masomo ya farasi na usimamizi wa ranchi ambayo hakuyaona kwingine kwa bei ile, kwamba anayajua masomo yake ya muhula wa kwanza kwa majina, na kwamba nani analipa na kutoka wapi, hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wawili. Majibu hayo hayakaririwi. Yanatoka kwa mtu aliyefanya ile kazi ya ASSIST na barua. Na kama kuna broka anayewadai pesa za kupangiwa chuo, achaneni naye. Maombi ya chuo cha jamii hayahitaji dalali, na ofisi ya EducationUSA Nairobi hutoa ushauri bure.

Mambo ya kuishi nitayapitia haraka. Chuo kina hosteli, jambo ambalo vyuo vingi vya jamii havina, lakini aulize mapema kama zinabaki wazi Desemba, kwa sababu wenzake watakwenda kwao na yeye hana kwao pa kwenda. Aombe kupokelewa Reno au Sacramento; asifike usiku akidhani kuna matatu. Viza haimruhusu kuingia nchini zaidi ya siku 30 kabla ya masomo kuanza. Theluji huanguka, na barabara ya korongoni hufungwa na mawe au maporomoko, basi safari ya uwanja wa ndege iwekewe siku ya ziada. Awe na bima ya afya kamili. Buti za baridi anunue kule kule, hizi za kwetu hazijui barafu.

Na moto. Huu si wa kupitia haraka. Julai 2021 moto ulioitwa Dixie ulianzia kwenye lile korongo la mto, ukala hekta karibu 390,000, na tarehe 4 Agosti uliuteketeza mji wa Greenville, ulio kaunti hiyo hiyo. Quincy ilinusurika. Tangu hapo watu wa huko wanaishi na begi lililofungwa mlangoni kila kiangazi. Umeme unaweza kukatwa makusudi siku za upepo mkali, na moshi ukakaa bondeni kwa wiki. Kama ana pumu, hilo peke yake ni sababu ya kufikiri upya. Kama hana, ajiandikishe kwenye tahadhari za simu za kaunti siku ya kwanza, na pasipoti na I-20 zikae mahali pamoja anapoweza kuzishika gizani.

Mwambie mama kwamba dubu wapo. Ni dubu weusi, hutafuta chakula zaidi ya kutafuta watu, na kosa kubwa ni kuacha mabaki ya chakula ndani ya gari au nje ya chumba. Yule mkubwa mwenye sifa mbaya, aliyechorwa kwenye bendera ya California, hajaonekana jimboni tangu miaka ya 1920. Kijana aliyekua akisikia ndovu wa Tsavo wakivunja ua wa shamba usiku, nadhani ataweza kufunika pipa la taka.